UZI: Kasri la Tanuki, sinema za Kijapani ambazo wanyama wanajigeuza watu halafu wanaangusha nyimbo

FundiGiaboksi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya, napita nyuzi za magari na za mapishi kisha naondoka zangu. Leo nina jambo limenikaa kooni, kwa hiyo urefu mtanivumilia.

Niko Osaka mwaka wa sita huu, yadi ya magari. Jumapili moja mvua ilinikuta njiani nikajitosa kwenye jumba dogo la sinema, wateja wazee watupu, kila mmoja na chupa yake ya chai. Kwenye bango nikamwona Ichikawa Raizo. Huyu kwangu ni mtu wa panga, nikasema leo damu. Nikangoja panga litoke. Halikutoka. Watu wanaimba, wanacheza, wananyanyua vikombe, na mimi nimekaa pale nguo zinachuruzika najiuliza nimekosea mlango au vipi. Nimechelewa kung'amua kwamba wale si watu. Wote ni tanuki.

Picha inaitwa Hatsuharu Tanuki Goten, ya kampuni ya Daiei, mwongozaji Kimura Keigo. Ni ya rangi, na ilitoka tarehe 27 Desemba 1959. "Goten" ni kasri, na hilo "hatsuharu" ni neno la salamu za mwaka mpya. Enzi hizo kila studio ilikuwa na picha yake ya shamrashamra kwa ajili ya siku hizo, watu wakitoka hekaluni kuomba heri wanaingia sinema.

Kwa wasiomjua tanuki: ni mnyama wa kweli, ukoo mmoja na mbwa na mbweha, mnene mnene, miguu mifupi, weusi kuzunguka macho kama kavaa miwani ya jua. Kwenye ngano za Kijapani ndiye bingwa wa kujigeuza. Anaweka jani kichwani, mara amekuwa mtawa, mara birika la chai, mara mke wa mtu. Wana msemo kwamba mbweha ana mageuzi saba, tanuki ana manane. Lakini mbweha ni wa kuogopwa, tanuki ni mpenda pombe na masihara. Usiku wa mbalamwezi anajipiga tumbo lake mwenyewe kama ngoma.

Kisa ni chepesi. Binti mfalme wa matanuki, Kinuta, anatafutiwa mchumba, hataki, anatoroka. Wakubwa wa kasri wanachanganyikiwa. Wanamwokota Okuro, msichana fukara aliyefanana naye kama pacha, wanamvika hariri na kumketisha kwenye nafasi ya bibie. Wakao Ayako anacheza wote wawili. Mchumba ndiye Raizo. Na kuna kijana kapuku anayempenda Okuro tangu hajavaa hariri, huyo ni Katsu Shintaro, yule yule aliyekuja kuwa Zatoichi, mtu wa panga kipofu, mwaka 1962. Mwisho sisemi.

Sasa kilichonikaa kooni. Mandhari yote ni ya kuchorwa. Milima ni kitambaa, maua ni karatasi, na hawajajaribu hata kukuficha. Mwanzo nilicheka, nikasema hawa pesa iliwaishia. Nilipofika nyumbani, nguo ziko kwenye kamba, ndipo ikanijia: mnyama anayejigeuza mtu, akajenga kasri, akajivika utukufu, lazima kasri lake liwe la uongo! Jani limewekwa kichwani mwa picha nzima. Nimekosea au?

MchovuWaMbagala

Mkuu yaani umenyeshewa, umelipa kiingilio, ukaangalia wanyama wanachumbiana. Hongera kwa afya.

BintKiwengwa

Usimsikilize huyo, kaka Fundi, endelea. Mimi nina swali la lugha tu. Huyu tanuki kwetu tumwite nani? Maelezo yako yananipeleka kwa fungo.

Kipanga254

Kwa manukuu ya Kiingereza huwa wanamwita rakuni, yule mwizi wa mapipa ya taka kule Marekani. Si ndiye?

FundiGiaboksi

Siye, ndugu Kipanga. Rakuni ni ukoo mwingine kabisa, wamefanana sura tu. Watafsiri waliona ile miwani usoni wakaridhika. Fungo naye yuko mbali. Ukitaka jamaa yake wa karibu porini kwetu, tafuta kwa mbweha. Mimi namwacha aitwe tanuki, kama tulivyoiacha sushi iitwe sushi.

Na msidhani Wajapani wenyewe wamemaliza ubishi. Hapa Osaka ukiagiza "tanuki" mgahawani unaletewa tambi za soba zenye kipande cha tofu ya kukaanga. Ukienda Tokyo ukaagiza neno lile lile unaletewa tambi zenye vichenga vya unga wa kukaanga. Mara ya kwanza nilimwambia mhudumu amekosea oda. Nilijiaibisha.

WakiliMtoro

Nimeona neno ubishi nikavua koti. Kuna kesi mashuhuri ya huyu mnyama, wanafunzi wa sheria Japani wanasomeshwa mpaka leo.

Mkoa wa Tochigi, mwaka 1924. Mwindaji akawafukuza wanyama wawili wakaingia pangoni, akaziba mlango kwa mawe, akaondoka. Hiyo ilikuwa tarehe 29 Februari. Kuanzia tarehe 1 Machi sheria ilikataza kuwinda tanuki. Tarehe 3 Machi jamaa akarudi, akafungua pango, akawamaliza. Akashtakiwa.

Utetezi wake: mimi sijaua tanuki, nimeua mujina. Kwao kijijini mujina alijulikana hivyo tangu mababu, na ilihesabika kwamba tanuki ni mnyama mwingine. Wataalamu wakasema ni mnyama mmoja majina mawili. Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, na Juni 1925 akaachiwa huru. Kwanza, kuwafungia pangoni Februari kulihesabika ndiko kuwakamata kwenyewe, na Februari uwindaji ulikuwa halali. Pili, mtu aliyeamini kwa dhati, pamoja na jamii yake yote, kwamba huyu si yule, hakuwa na nia ya kuvunja sheria.

Kwa hiyo kabla hamjamcheka Kimura na kasri lake, jueni kwamba huyu mnyama amewahi kuwahangaisha majaji kwa swali la "wewe ni nani hasa".

MchovuWaMbagala

Wakili, hii imenyooka. Naondoa kejeli yangu, naomba kiti.

Mama Tumu

Wanangu, mimi nilishawahi kusimuliwa moja ya hadithi za huyo mnyama na mama mmoja wa Kijapani tuliyefanya naye kazi ya ukunga. Alikuwa anasema ni ya watoto! Sikilizeni ya watoto hiyo.

Mzee mmoja kamkamata tanuki anayemharibia shamba, kamfunga kamba, kaenda zake shambani. Bibi yuko nyumbani anatwanga mchele. Tanuki akambembeleza: bibi yangu umechoka, nifungue nikutwangie. Bibi kwa huruma yake akafungua. Akauawa kwa mchi ule ule. Tanuki akajigeuza bibi, akampikia mzee mchuzi, mzee akanywa akasifu. Kisha tanuki akamwambia umekula nini, akatimua mbio.

Na anayekuja kulipiza ni nani? Sungura! Nilishika mdomo. Sungura akambebesha tanuki mzigo wa kuni, akatembea nyuma yake anagonga mawe ya kuwashia moto, kachi, kachi. Tanuki akauliza mlio gani huo? Akajibiwa huu si ndio mlima Kachi-Kachi, ndivyo unavyolia. Mgongo ukawaka. Kesho yake sungura akaja na dawa ya kidonda, kumbe pilipili. Siku ya tatu wakaenda kuvua, sungura kwenye mashua ya mbao, tanuki kwenye mashua ya udongo. Ilipoyeyuka akamzamisha kwa kasia.

Nikamwambia yule mama, sungura huyu namjua, ni wa kwetu. Ila wa kwetu hukaa akila karanga za watu, huyu wenu ni hakimu.

BintKiwengwa

Mama Tumu shikamoo! Mchuzi wa bibi, halafu watoto walale?

Mama Tumu

Marahaba mwanangu. Siku hizi, alinambia, kwenye vitabu bibi hafi, anaumizwa tu. Yeye alisimuliwa ile ya zamani.

FundiGiaboksi

Mama yangu asante sana, umenifungulia kitu. Mle ukumbini wazee wote wamekua na hiyo hadithi. Wanapomwona tanuki mrembo wa hariri anaimba mapenzi, kichwani wanaye pia yule wa mchi na mchuzi. Mimi niliyekuja mweupe nikaona uzuri tu.

SikioLaKufa

Samahanini, mimi naingia na maji baridi. Nimeona hiyo ya 1959 na nimeona vipande vya nyingine. Fundi umeremba sana. Kitambaa ni kitambaa. Huyo Kimura alikuwa na chungu kimoja anakipasha moto tena na tena: ya kwanza, Tanuki Goten, ni ya 1939. Akarudi na Utau Tanuki Goten mwaka 1942. Akarudi 1949. Akarudi 1959. Kila mara kasri lile lile, matanuki wale wale, nyimbo. Hiyo ni biashara, na haina kosa, ila tusiifanye falsafa.

Halafu jambo zito zaidi. Tazama huo mwaka 1942. Japani iko vitani kuanzia China hadi visiwa vya Pasifiki, sheria ya filamu ya 1939 imeshaiweka sinema yote chini ya serikali, na hawa wanaimba kasrini. Watu wanakufa nyie mnashangilia majani kichwani?

FundiGiaboksi

Ndugu Sikio, karibu, maji baridi ni afya. Nianze na zito.

Kampuni ya Daiei yenyewe ilizaliwa Januari 1942 kwa amri ya hali ya vita: serikali haikutaka studio nyingi zigawane filamu ghafi iliyokuwa adimu, zikaunganishwa. Studio ya Shinko, ndiyo iliyotoa ile ya 1939, ikamezwa humo. Sasa fikiria wewe ni Kimura, kila mwenzako anatakiwa kutoa picha ya askari shujaa, nawe unaomba upige picha ya wanyama walevi wanaopiga matumbo. Siwezi kukwambia ni ushujaa, na kumfanya mpinzani wa vita siwezi. Ninachokiona ni kwamba tanuki ni kiumbe asiyefaa hata kidogo kwa gwaride. Huwezi kumvika magwanda akakaa sawa, mkia utatoka tu. Labda ndiyo maana walimpitisha, na labda ndiyo maana watu walimtaka.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1940 studio ya Toho walitoa Songoku, hadithi ya mfalme nyani wa Kichina, ya nyimbo na vichekesho, mchekeshaji Enoken akiwa nyani na Yamamoto Kajiro akiongoza. Ujanja wa kamera aliufanya Tsuburaya Eiji, huyu huyu aliyekuja kutupa Godzilla mwaka 1954. Kwa hiyo mlango wa ngano ulikuwa wazi kidogo, watu wakapenya. Muda si mrefu ukafungwa: Machi 1944 hata ukumbi mkuu wa kikundi cha maonyesho cha Takarazuka ulifungwa.

Kuhusu chungu kimoja, nakubali, tena naongeza. Studio ya Shochiku nao walidandia mwaka 1954 na mwimbaji Misora Hibari. Lakini mkuu, ngano si ndiyo chungu kinachopashwa moto? Nani kati yetu alisikia hadithi ya sungura mara moja tu?

Suala la kitambaa tutabaki tumetofautiana.

BintKiwengwa

Takarazuka ndio wale wanawake watupu jukwaani?

FundiGiaboksi

Ndio hao, dada. Kikundi kilianzishwa mwaka 1913 na Kobayashi Ichizo, bwana wa reli. Alikuwa na treni, mwisho wa njia kuna mji wenye maji moto, akataka abiria wa kwenda huko, akaunda kikundi cha wasichana waimbaji. Onyesho la kwanza 1914. Wanaume wote jukwaani ni wanawake waliovaa suti na kukata nywele, na wapenzi wao, wanawake wengi, wanawalilia mpaka leo. Nimepita pale siku ya onyesho, foleni imepangika kimya kama msikitini.

Na hapo ndipo utamu wa haya makasri. Mwaka 1942 mwanamfalme wa matanuki alichezwa na mwanamke, Miyagi Chikako. Mwaka 1949 akaja Mizunoe Takiko, nyota wa maonyesho ya Shochiku, aliyetikisa nchi kwa kukata nywele fupi ili acheze wanaume. Humo humo alikuwamo Kyo Machiko, mcheza ngoma kutoka Osaka, mwaka mmoja kabla ya kuonekana kwenye filamu ya Rashomon. Kisha 1959 nafasi ya mwanamfalme anapewa mwanamume, Raizo. Lakini Raizo katokea wapi? Kabuki, michezo ya jukwaani ya kale, ambako wanaume ndio wanaocheza wanawake! Unaona jani linavyohama kichwa hadi kichwa?

Niongeze moja niliyoigundua juzi nikacheka peke yangu kwenye treni. Novemba 1959, mwezi mmoja tu kabla ya picha yetu, Daiei walitoa Ukigusa ya mwongozaji Ozu, kuhusu kikundi cha waigizaji wa mabarabarani. Ndani yake wako Kyo Machiko na Wakao Ayako, yaani warembo wawili wa makasri mawili tofauti, safari hii wanacheza watu, tena watu ambao kazi yao ni kujifanya watu wengine.

SikioLaKufa

Hiyo ya mwisho nakupa. Nilikuwa sijaiunganisha.

Na mimi niwe mwungwana: Katsu Shintaro anaimba vizuri kuliko nilivyotegemea. Baba yake alikuwa bwana wa nagauta, ule uimbaji wa kabuki, naye mwenyewe alishika shamiseni, ala yao ya nyuzi tatu, tangu mtoto. Ukimjua kwa Zatoichi tu, kumwona hapa na sura changa, hana fimbo wala damu, anaimba kwa ajili ya msichana asiyempata vizuri, ni kitu kingine. Yeye na Raizo walizaliwa mwaka mmoja, 1931, na waliingia Daiei mwaka mmoja, 1954. Raizo alifariki 1969, ana miaka 37. Kampuni yenyewe ikafilisika 1971.

Kipanga254

Kwani sinema ilianza kufa lini huko? Maana 1959 inasikika kama sherehe.

SikioLaKufa

Ilikuwa sherehe ya jioni. Mwaka 1958 ziliuzwa tiketi bilioni 1.127, nchi yenye watu kama milioni tisini na kitu. Yaani kila mtu, na kichanga mgongoni, aliingia zaidi ya mara kumi. Aprili 1959 mwana wa mfalme akaoa, watu wakanunua televisheni ili waione harusi. Kutoka hapo viti vikaanza kubaki wazi.

MchovuWaMbagala

Nimekaa kimya najifunza. Sasa swali la mlalahoi: nyimbo zenyewe zikoje? Maana sisi tuliokulia picha za Kihindi, mtu akiimba katikati ya mazungumzo hatushtuki, tunauliza tu ameimba nini.

FundiGiaboksi

Mchovu, wewe ndiye mtazamaji halisi wa hii picha, ulikuwa unajificha tu. Ni mchanganyiko: uimbaji wa kale wa Kijapani na midundo ya bendi za dansi, bila kuomba radhi. Kimono chini, tarumbeta juu.

Lakini wimbo wa tanuki unaopita zote hautoki sinema. Kuna hekalu mji wa Kisarazu, mkoa wa Chiba, linaitwa Shojoji. Ngano inasema matanuki walikuja uani usiku wa mbalamwezi wakaimba na kupiga matumbo, mtawa badala ya kuogopa akatoka kushindana nao. Usiku wa nne uani kimya. Akaenda kuangalia, akamkuta mkubwa wao amekufa, tumbo limepasuka kwa kupigwa. Mshairi Noguchi Ujo na mtunzi Nakayama Shinpei wakaufanya wimbo wa watoto miaka ya 1920. Baada ya vita, mwaka 1946, redio ya taifa ikaanzisha masomo ya Kiingereza, wimbo wa kufungulia kipindi ukawa muziki ule ule na maneno ya Kiingereza. Na 1955 Mmarekani Eartha Kitt akaurekodi. Tanuki kajigeuza mpaka mwalimu wa lugha.

Kipanga254

Na sanamu zile za mnyama mwenye kofia mbele ya baa, ni yeye?

FundiGiaboksi

Ndiye. Zinatoka Shigaraki, mji wa wafinyanzi si mbali na hapa. Kofia ya majani imeinuka nyuma, mkono mmoja chupa ya sake, mwingine daftari la madeni, tumbo limetangulia, na chini ya tumbo pana mambo ambayo mbele ya Mama Tumu siyaelezi. Mwaka 1951 mfalme wao alipotembelea Shigaraki, walizipanga sanamu hizo kandokando ya njia, kila moja imeshikishwa bendera. Mfalme alifurahi akaandika shairi.

Mama Tumu

Eleza tu mwanangu, mimi ni mkunga.

FundiGiaboksi

😂 Mama, tuyaache.

BintKiwengwa

Mimi nimeanza na ile ya 2005 kwa sababu ndiyo niliyoipata yenye manukuu, Operetta Tanuki Goten ya Suzuki Seijun. Zhang Ziyi ni binti tanuki, anazungumza Kichina, Odagiri Joe anamjibu Kijapani, na hakuna anayeona ajabu. Halafu Misora Hibari anatokea anaimba, na alishafariki 1989! Wamemrudisha kwa kompyuta. Nimesimamisha picha nikaenda kunywa maji.

Kaka Fundi, kuhusu kitambaa niko upande wako. Suzuki alikuwa na miaka zaidi ya themanini na kompyuta anayo, na bado mandhari yake yana rangi za jukwaani.

SikioLaKufa

Mmenizidi kura. Ila nitaitazama tena ya 1959, safari hii naangalia milima.

MchovuWaMbagala

Fundi, yule wa baa ana bei gani? Nina genge, nataka nimweke pale kwenye daftari la madeni.

FundiGiaboksi

Wadogo wa kimo cha shubiri ni bei ya soda chache, mkubwa wa kimo cha mtoto itabidi apande kontena. Jumamosi kuna gari linaondoka, na kwenye buti pana nafasi. Nitumie vipimo vya meza yako.